Baba, Nimeacha Uhasibu

Baba,

Nimeacha uhasibu. Nakuambia mwenyewe kabla Shangazi hajanitangulia, maana ananishtaki kwako katika sala zake za asubuhi. Muhula ujao naanza falsafa na theolojia. Hapana, siingii utawa, usianze kucheka.

Shangazi na Kiswahili chake cha Goma, chenye Kifaransa ndani, ameshauliza: "Donc, we mutoto, hiyo filozofi inakuliwa na nini?" Nikamjibu inaliwa kwa viazi, kama vyakula vingine vyote hapa Rubavu. Alinuna mpaka jioni.

Siku ya kumaliza matanga, hapa nyumbani Nengo, walinikabidhi mizani yako ya kupimia viazi mbele ya ukoo mzima. Baba mdogo akasema duka lako la Mahoko halitafungwa, mhasibu tunaye. Wakapiga makofi. Nilitakiwa kushukuru na kuketi. Nikabaki nimesimama, nikasema mizani apewe Shangazi, aliyeliendesha duka wakati wote ulipougua, na kwamba mimi nabadilisha masomo. Siku ile mtu hakatai alichoachiwa na mzazi, unajua. Sikuketi mpaka Shangazi alipoipokea.

Na uliyenisukuma ni wewe. Wiki yako ya mwisho uliniuliza, "Mwanangu, huko niendako, nitakujua ukija?" Nikashika mto wako, nikauweka sawa, nikauweka sawa tena. Nilijua kodi, faida na hasara; swali lako halikuwamo katika vitabu vyangu. Baadaye waombolezaji wakaja na majibu tele. Amepumzika. Ni mapenzi ya Mungu. Namwamini Mungu, Baba, lakini majibu yale yaliniudhi, yalitoka upesi mno. Wewe hata gunia la viazi la jirani wa duka, yule wa Nyakiriba, ulilipima mara mbili kabla ya kutaja bei.

Nimekukosa. Nikipita karibu na mpaka wa Goma nakusikia ukiniambia, kama nilipokuwa mdogo, "Uliza tu, swali halitozwi ushuru." Basi nimeamua kuuliza. Baba mdogo bado hanisemeshi, na sirudi nyuma.

Pumzika, Baba yangu. Jibu lako sijalipata, na huenda nisilipate kamwe. Lakini nakuahidi hili: siku mgonjwa mwingine atakaponiuliza ulichoniuliza, sitagusa mto. Nitavuta kiti, nitaketi karibu naye, na nitamwambia kuwa hata baba yangu aliuliza hivyo hivyo.

Binti yako,
Josiane