Mama, Nilinyonya Mara Ngapi?

Kiwayu

Kwa mamangu mpenzi, aliyenibeba tumboni na mgongoni. Nashika miguu yako, naibusu mikono yako, nikitaraji barua hii itakukuta u mzima, na Baba mzima, na nyumba yetu yote katika afya na sitara. Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Na ile asumini ya uani, kuna mtu anayeinywesha maji? Naiwaza asumini hiyo kuliko inavyostahiki kuwazwa.

Ukiniuliza mimi, mwili ni mzima, na mtoto tumboni anacheza. Moyo ndio mgonjwa. Nakuomba, Mama, barua hii uisome mwenyewe chumbani, polepole, wala usimpe Baba wala Kaka Bakari kabla hujaifikisha mwisho. Ndani yake mna swali ambalo hapana mwingine duniani anayeweza kulijibu.

Habari za huku ni zilezile. Mchanga, jua, na harufu ya ng'onda, samaki wa kukaushwa. Mume wangu Athmani ananunua samaki kwa wavuvi, wanamkaushia, anawatia maguniani, wanakwenda Lamu, nawe huenda umekwisha kuwala bila kujua wametoka kwa mwanao. Nyumba yetu ni ya makuti, na ukikohoa chumbani jirani anakwambia afya. Hata hivyo sijaona mahali penye upweke kama hapa. Wanawake wa Kiwayu ni watu wema. Jirani yangu, Bi Mize, haniachi siku ipite bila kunichungulia. Lakini wakikutana kusoma maulidi mimi nabaki nyumbani, kwa kuwa mume wangu hayataki, na tari nazisikia kupitia ukutani. Bi Mize hunitania: "Mumeo yuaogopa tari, Rukia? Haziumi, mwambie." Nacheka, kisha akiondoka nalia.

Unayajua yaliyotutoa Lamu, wala sikukumbushi kwa kukuchoma. Athmani alipokwenda Adeni kufanya kazi kwa mfanyabiashara alirudi na magazeti ya Misri na neno moja: Kitabu cha Mwenyezi Mungu kinatosha. Yaliyokuja baadaye, fulani kasema amesikia kwa fulani, hayafungi mtu wala hayamfungui. Watu walimvumilia wakidhani ni joto la ujana. Halafu akafariki mamake, Bi Zuhura, Mungu amrehemu, jirani yako wa miaka yote. Pale kaburini Baba alijisogeza ili asome talakini kama anavyowasomea maiti wote wa mtaa wetu, na Athmani akamzuia mbele ya watu. "Mamangu amekwenda na Kitabu chake," alisema. "Hayo mengine hayakuandikwa." Baba akageuka, akaenda zake nyumbani, na toka siku ile mkwewe hakukanyaga mlango wetu. Ndivyo tulivyofika huku.

Mimi nilimfuata, Mama, na hukunizuia. Sikumfuata kwa kuwa nilimwona ana haki na Baba amekosa. Baba ndiye aliyenisomesha. Nilikuwa nikikaa nyuma ya pazia nikisikia wanafunzi wake wakirudiarudia, na yote niliyonayo nimeyapata pale. Nilimfuata kwa kuwa ni mume wangu na nampenda. Wewe unamjua: ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje ahakikishe. Lakini hasemi asilolitenda. Mtu akifiwa hapa kijijini, Athmani ndiye wa kwanza kushika jembe na wa mwisho kuliweka, na talakini inapoanza huondoka taratibu, bila makelele. Watu walimwita Bwana wa Kitabu kwa kumcheka, na sasa wanamwita hivyo kwa heshima.

Sasa nikwambie lililonifika.

Ulinifanyia hisani kumleta Bi Somoe aje akae nami wakati huu wa mimba. Yeye aliyenipakata mimi, apakate na mwanangu. Nilipomwona akishuka chomboni na kikapu chake kitwani nilihisi nusu ya Lamu imenijia. Alinikanda kwa uto, akanipikia uji wa pilipili manga, akanisimulia habari za mtaa mpaka nikasahau niko wapi. Basi siku moja mchana tumekaa tunakula, Athmani upande wake na sisi upande wetu, na Bi Somoe amechangamka kwa samaki mtamu. Akaanza kumtania.

"We Athmani, wadhani mke huyu umempata kwa mahari? Huyu ni wenu tangu hapo! Siku alipovyawa, mamake alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Mimi ndimi niliyempakata nikamvusha wikioni, nikampeka kwa mamako. Bi Zuhura alikuwa yuanyonyesha dadako, yule marehemu. Akampa ziwa papo hapo. Kitoto kilinyonya hicho!"

Nami nikacheka, Mama. Wallahi nilicheka. Nililiona lile wikio letu, lile daraja la juu ya njia baina ya nyumba yetu na yao, na Bi Somoe kijana akikimbia na mimi mikononi. Niliona ni jambo zuri. Kisha nikamtazama Athmani, na tonge alikuwa amelirudisha sahanini.

"Bi Somoe, wanena kweli?"

"Kwani nakuongopea? Muulize mtu yeyote. Lakini usitie moyoni, hazikufika tano. Mamake Rukia ni mtu wa kuhesabu."

Unaelewa, Mama. Wewe na Bi Zuhura mliposhikana mikono juu ya ndoa yetu, mlijua, na hamkuona kitu, kwa sababu sheria tuliyokulia nayo sote inasema maziwa hayaharimishi mpaka yafike mara tano kamili. Hapana mtu wa Lamu angeona kitu. Lakini mume wangu hazitambui tano. Aliondoka, akanawa, akafungua Msahafu, akatusomea pale Mwenyezi Mungu anapowataja wanawake walio haramu kwa mwanamume: mama, na binti, na dada, mpaka akafika kwa mama waliokunyonyesha na dada zako wa kunyonya. Sauti yake haikuwa sauti. "Hakusema tano," akasema. "Hakusema idadi."

Siku ile aliuchukua mkeka wake akautandika barazani, kwenye magunia ya samaki. Asubuhi alikuja mlangoni ametazama chini, akasema, "Dada, nipa mai."

Nikampa maji. Nilisimama na kile kikombe baada ya yeye kuondoka sijui kwa muda gani. Mama, nimetukanwa katika maisha yangu na nimefiwa, lakini sijapata kusikia neno lililoniumiza kama hilo "dada", na mtu alilisema kwa adabu na macho yamemvimba kwa kulia.

Hajanipa talaka. Asema kama ni kweli basi hapakuwa na ndoa, na talaka haivunji kisichokuwako. Mtoto, asema, ni wake, hana shaka naye, kwani hatukujua. Chakula ananiletea, kuni ananiletea, kila kitu ananiletea ila yeye mwenyewe. Bi Somoe amenywea kama aliyemwagiwa maji, anajipiga kinywa, asema ulimi wake ungekatwa heri. Na Bi Mize aliposikia alisema, "Tano hazikufika, basi nini tena? Mwambie arudi ndani, mbu watammaliza." Kijiji kizima kwa sheria yao mimi ni mke halali. Ni mume wangu peke yake ndiye hanitambui. Wakati wote huo nilikuwa nikidhani kufuata Kitabu peke yake ni kupunguza mizigo: hapana talakini, hapana hitima, hapana maulidi. Sikujua kuna siku kitakuwa kizito kuliko vyote alivyovitupa.

Nilivumilia nikashindwa. Juzi nilikuwa nachambua mchele, naye akapita, nikamwita kwa jina lake.

"Athmani, swala ya alfajiri waswali rakaa ngapi?"

"Mbili."

"Kitabuni zimo?"

Akajibu upesi, maana swali hilo ameulizwa tangu Lamu. "Swala tumeipokea umma kwa umma, watu wote wakiona. Si neno la mtu na mtu."

"Haya. Na kwamba mimi nilinyonya kwa mamako, hilo limo Kitabuni?"

Akageuza uso.

"Nani aliyekwambia?"

"Bi Somoe."

"Mwanamke mmoja, mzee, anayesahau chumvi katika mtuzi. Umeshika neno lake na kwa neno hilo umeuhamisha mkeka. Na zile tano nani aliyezisimulia? Si Bi Aisha, mke wa Mtume, Mama wa Waumini, aliyekuwa nyumbani akiyajua ya nyumbani? Neno la Bi Somoe ni hoja, na lake yeye si hoja?"

"Bi Somoe nimemsikia kwa sikio langu, Rukia. Hayo yamepita katika vinywa vingapi mpaka kunifikia?"

"Maziwa hayaandikwi popote, Athmani. Yanajulikana kwa vinywa vya wanawake tu. Ukivikataa vinywa huna dada, huna mama. Hata kwamba Bi Zuhura ndiye aliyekuzaa, uliambiwa."

Nilipolisema nilijuta, kwa kuwa nilimtaja mamake, na mamake hana hata talakini. Aliinama kama aliyepigwa. Akatoka akaenda ufuoni, na sufuria yake ikapoa jikoni. Usidhani nilikuwa na raha ya kushinda, Mama. Mtu hashindani na mumewe juu ya kitanda chake mwenyewe akapata raha. Nilikaa na ungo wangu wa mchele nikatamani wewe ungekuwapo, hata kunigombeza tu.

Jana baada ya alasiri alirudi, akakaa kizingitini na Msahafu mapajani, umefungwa. Akasema, "Mwandikie Mama. Muulize ni mara ngapi."

Nilitafuta kalamu. Lakini moyo ulinipiga, Mama, kwa sababu kwa Kitabu chake mara moja inatosha na mara ngapi haiulizwi. Ameuliza mara ngapi. Yeye mwenyewe sijui kama amelisikia alilolisema, nami sitamwonyesha. Ndege akitua karibu hapigiwi makofi.

Basi nakuuliza, na hapa ndipo penye woga wangu. Bi Somoe siku ya kwanza alisema ilikuwa alasiri moja tu. Siku ya pili akasema ilikuwa mpaka homa yako iliposhuka. Nilipombana akalia. Na mtoto mchanga, wewe unajua kuliko mimi, hunyonya asubuhi, akanyonya adhuhuri, akanyonya kila akilia. Kama homa ilikulaza mchana kutwa na usiku kucha, hizo tano ziko wapi zisipite? Ikiwa zilipita, basi Kitabu cha Athmani na sheria ya Baba vimekutana, na sina pa kukimbilia. Bi Somoe asema wewe ni mtu wa kuhesabu. Namwamini. Lakini nimeamka usiku nikijiuliza: mtu aliyelala na homa, anahesabuje?

Najua unanipenda, na najua mama anaweza kufanya nini kwa mwanawe. Usinifanyie. Usipunguze kwa kunihurumia wala usiongeze kwa kumkasirikia mkweo juu ya yale ya kaburini. Mtu huyu ameacha mji, jamaa na heshima yake kwa sababu hataki kushika neno ambalo hana yakini nalo. Akilishika lako, nataka awe ameshika kweli. Kama ulihesabu, niandikie ulivyohesabu. Kama hukuhesabu, niandikie hukuhesabu. Na kama jibu ni lile ninaloliogopa, usiandike kitu. Mlete Kaka Bakari aje anichukue, nami nikimwona tu akishuka nitafahamu, nitafunga vitu vyangu bila kumuuliza.

Ila mtoto huyu sijui nitamfundisha kumwita nani. Baba, kwa kuwa ni babake, au mjomba, kwa kuwa ni ndugu wa mamake? Midomo yake midogo hiyo itabeba vipi majina mawili kwa mtu mmoja? Ndilo linalonitoa machozi, mengine nimekwisha kuyazoea.

Nisalimie Baba, umwambie naomba radhi yake na dua yake, na kwamba bado nasoma ule mlango wa kitabu alioniachia. Nisalimie Kaka Bakari na mkewe. Nisalimie shangazi, mwambie ubani wake umefika na nyumba inanukia. Huku Bi Somoe anakusalimu na anaomba umsamehe ulimi wake. Bi Mize, jirani yangu, anakusalimu ingawa hakujui, asema anakujua kwa kunitazama mimi.

Na Athmani anakusalimu. Nilimuuliza, niandike mkweo akusalimu? Akasema, "Andika Athmani tu, mpaka Mama ajibu." Basi Athmani tu anakusalimu.

Nami ni Rukia, mwanao, na hilo ndilo pekee nililo na yakini nalo.