Mjibu Baba Kuhusu Binti wa Barafu

Dada yangu Kokugonza,

Shikamoo dada. Mimi, mke wangu na mtoto tu wazima wa mwili. Huko sijui niulize hali ya nani kwanza, maana tangu Baba alazwe hospitali ya Nyakahanga ni wewe unayemuuguza, nawe unaumwa mgongo. Pole sana. Usijifanye chuma.

Ulisema kwenye simu kwamba tangu ateleze migombani na kuvunjika nyonga haongei sana, ila ameulizia ile video niliyotuma, ya binti anayeruka juu ya barafu kwenye uwanja ninaoufanyia usafi huku ughaibuni. Anataka kujua kwa nini haanguki. Basi msomee hivi.

Anaanguka, Baba. Asubuhi, watazamaji hawajafika, anaanguka hadi namwonea huruma. Kocha hahangaiki sana na kutua, anahangaika na namna anavyoondoka kwenye barafu. Akiondoka amepinda, hata angekuwa malaika atatua vibaya. Hewani anakunja mikono kifuani azunguke upesi, kisha anaifungua mzunguko upungue, anaipokea barafu kwa mguu mmoja, goti amelilegeza. Wala haangalii miguu yake. Anarudia mruko uleule mpaka mwili unauzoea wenyewe.

Siku nilipomsikia kocha akimkaripia kuhusu goti, nilisimama na fagio langu. Ni maneno yako, tulipokuwa tukikanyaga ndizi za pombe ya rubisi ndani ya mtumbwi wa kukamulia, nyasi zikiteleza: "Legeza goti, tazama mbele, miguu inajua kazi yake." Sikuwahi kukuona ukianguka mle.

Dada, hapa usimsomee. Siji. Ombi langu la kibali cha kuishi huku halijajibiwa, nikitoka sitaruhusiwa kurudi, na mwanangu yuko huku. Mwanasheria ameniambia nisitegemee. Niliuliza hata kama wataniachia nije kuzika tu, ikifika huko. Hapana. Nalia bafuni, maji nimeyafungulia, mtoto asisikie. Sioni njia, dada.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu mfugaji wa Mabira, na majirani waliombeba Baba hadi barabarani. Waambie nimeshukuru.

Msomee kwa Kinyambo, taratibu, upande wa sikio linalosikia. Akiuliza nakuja lini, rudi juu, umsomee tena habari za binti.

Ni mimi mdogo wako,
Kamugisha