Jina Lililosomwa Darasani

Jumatatu, 5 Mei
Projekta imewaka baada ya kupigwa kofi mara mbili tu. Kidato cha Tatu, Historia, vyanzo vya msingi. Nimepakua kutoka maktaba ya mtandaoni ukurasa wa kesi za baraza la mtemi, enzi za Mwingereza, hapahapa Ngulyati. Kabula ndiye msomaji wangu bora, nikampa asome kwa sauti. "Luhende, mwizi wa ng'ombe sita, amekiri." Darasa zima kicheko. Yeye akakaa chini, akafunga daftari. Sikuelewa.

Jumanne, 6 Mei
Kabula hajaja. Wenzake wameniambia: Luhende wa kwenye hati ni babu wa baba yake, na baba yake ndiye aliyerithi jina. Mimi Msukuma, mzaliwa wa Nyalikungu, nina jina la bibi yangu na baba mzazi hadi leo ananiita mama! Nilipaswa kujua. Ukimtaja babu umemtaja aliyepo. Tangu jana watoto wanamzomea mzee wa watu njiani. Mjinga ni mimi.

Alhamisi, 8 Mei
Hajaja. Nimesaka kurasa zinazofuata, labda alisingiziwa, labda alikata rufaa. Bando likaisha, nikaunga jingine. Ukurasa unaofuata ni kesi ya mtu mwingine kabisa. Mkuu wa shule anasema nitulie, yatapita. Hayapiti. Nimesikia Kabula anapelekwa Bukundi kwa shangazi yake. Akifika huko, shule ndiyo basi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimekwenda kwao. Nimepiga magoti mbele ya baba yake. "Mwadila, baba." Akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kuchambua pamba. Nimeomba radhi mpaka maneno yameniishia.

"Ya ng'ombe wale tunayajua, mwalimu. Walilipwa, pombe ikanywewa, yakaisha. Wajukuu wa mwenye ng'ombe ni wakwe zangu. Wewe umefukua."

Nikasema mtoto arudi shule, nitafanya lolote.

"Lolote? Umeanza na la kwetu. La kwenu liko wapi?"

Kabula alikuwa mlangoni. Hakunitazama. Shangazi anamfuata Alhamisi.

Jumatatu, 12 Mei
Nimetafuta kwenye maktaba ileile jina la babu yangu, karani wa pamba Maswa. Niliomba Mungu nisilione. Lipo. Barua ya wakulima: karani anachezea mizani, na waliolalamika wamechapwa viboko. Babu ambaye picha yake imetundikwa sebuleni kwa baba, tunaifuta vumbi kila Krismasi. Nimempigia baba. "Mama, ukilisoma hilo mbele za watu, hapa kwangu usikanyage." Akakata simu. Nimelia kwenye choo cha walimu, nikanawa, nikaingia kipindi cha nne. Nikimkosea baba, nimekosa kwetu. Nikinyamaza, Kabula amekwisha.

Jumatano, 14 Mei
Mzee Luhende amekuja kama nilivyomwomba. Alikaa dawati la nyuma, kofia magotini, Kabula kando yake. Nimesoma barua yote, pamoja na jina, na nikasema ni la nani kwangu. Hakuna aliyecheka.

Kabula akanyoosha mkono. "Mwalimu, wenye pamba walilipwa?"

"Sijui," nikasema. "Ukurasa huo sijauona."

Baba yake akavaa kofia, akaniaga kwa kichwa, akamwacha Kabula dawatini, akaondoka peke yake.