Miguu ya Ng'ombe ya Mama Félicité

Mwaka umetimia, Mama Félicité, tangu utoke nyumbani kwetu hapa Bunia ukiwa umeshika sufuria ya moto kwa vitambaa viwili, na hukurudi.

Tunakukumbuka kwenye cherehani yako, unashona sare za shule, jicho moja likiwa kwenye mbabula, jiko lako la makaa. Sufuria ilikaa juu ya makaa hayo tangu asubuhi: miguu ya ng'ombe, shingo au mkia, vile ambavyo wengine waliviacha kwenye meza ya mchinjaji. Mchinjaji alikuwa akikutania: "Mama, leo basi kamata fileti." Nawe ukamjibu: "Fileti iko ya batu ya haraka." Kitunguu, nyanya mbili, chumvi mwishoni, jiwe juu ya kifuniko. Jioni nyama iliachia mfupa yenyewe. Lakini supu ya kwanza haikuwa yetu. Ilikwenda kwa jirani aliyejifungua, au kwa mgonjwa. Sisi tulinung'unika, wewe ukatucheka.

Vita vilipoingia mjini ulibadili jambo moja tu. Hukuchoma tena manyoya ya miguu kwenye moto wa kuni, kwa sababu harufu ile hupita nyumba tano na kuwaambia wenye bunduki kwamba hapa kuna nyama. Uliimwagia maji ya moto, ukakwangua kwa wembe hadi vidole vikafa ganzi. Ulituonya sote: "Musichome. Hata kidogo."

Asubuhi ile ulikuwa umekwenda kisimani. Arlette, binti yako mkubwa, alibaki na miguu minne na wembe butu. Alikwangua mmoja, akachoka. Alitamani pia ile ladha ya moshi ya zamani, na risasi hazikuwa zimesikika tangu juzi. Akawasha kuni nyuma ya jiko. Dakika chache tu, alijiambia.

Harufu ilikukuta njiani. Ulifika mbio, nusu ya maji yamemwagika. Hukumkaripia. Ulizima kuni, ukaiweka miguu sufuriani kama siku zote. Saa sita waliingia watu watatu wenye bunduki.

"Ni nani alichoma nyama hapa? Ile ngombe ni yetu!"

Arlette alikuwa amesimama, masizi mikononi. Alifungua mdomo, ukamtangulia.

"Ni miye nilichoma. Ule mutoto hajue kitu."

Wakakuamuru ubebe sufuria uwafuate. Siku ya tatu mume wako, Papa Adolphe, alikukuta bondeni, umekwisha kufa.

Kwenye matanga wanawake walinong'ona: "Mama Félicité na akili yake yote, alichoma miguu mu vita juu ya nini?" Arlette alikuwa akigawa chai. Alinyamaza. Akanyamaza mwaka mzima, na mtaa ukakuita mzembe. Aibu hiyo imemla hata kuliko majonzi. Wiki iliyopita, tulipokaa kuandika maneno haya, alimwambia baba yake yote, analia. Papa Adolphe akampa kalamu. "Andika, binti yangu. Jina ya mama yako, umurudishie."

Basi majirani wasome. Mama, hukuchoma. Ulikuwa mwangalifu hadi siku ya mwisho, na kosa ulilolibeba halikuwa lako.

Jumamosi baada ya misa tutapika miguu. Watu wameanza kuichoma tena siku hizi, lakini Arlette amenunua wembe mpya na ataikwangua yote minne. Supu ya kwanza tutampelekea mama wa nyumba ya pili, amejifungua juzi.

Tutakutaja maadamu tuko hai: mume wako Adolphe, wanao Honoré na Bijou, dada yako Godelive wa Aru, na Arlette, ambaye ndiye aliyewasha zile kuni.