Doa Jeusi Baharini

Machakos mjini, Alhamisi

Susu, bibi yangu mpendwa,

Goti lako limepoa? Hapa kuna baridi. Kesho asubuhi nitasimama mbele ya jaji wa mashindano ya sayansi.

Nimeleta picha ya bahari iliyopigwa na rada ya setilaiti. Maji yenye mawimbi hutokea meupe. Mafuta yakimwagika hulaza mawimbi, na mahali hapo huwa peusi. Chini ya doa jeusi niliandika kwa wino: MAFUTA.

Leo nilimwonyesha Mama Zuhura, muuza mahamri aliyezaliwa Lamu. Akacheka.

"Mwanangu, umewahi kuiona bahari?"

"Bado, mama."

"Basi usiisingizie. Upepo ukikata, maji hulala yenyewe. Hiyo yaweza kuwa shwari tu."

Nilimkimbilia mwalimu wangu. Alikubali kwamba kwenye rada shwari na mafuta hufanana. "Lakini jaji hapendi kuambiwa sijui," akanionya.

Wino haufutiki, Susu. Nimeongeza kando yake: AU SHWARI. Jaji akiniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili, nitajibu: "Sijui, bwana. Ningejua kama ningeambiwa iwapo upepo ulivuma siku ile." Natumaini jibu hilo litamtosha, kwa sababu ndiyo kweli.

Niombee. Usichote maji peke yako kabla sijarudi.

Mjukuu wako akupendaye,
Mwende