Metrine Aliyeazimwa Asirudishwe

Jumapili, 1 Juni 2014. Jeddah

Asalaam alaikum, kidaftari changu. Hujambo? Umeamkaje? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila moyo hauko mahala pake. Tumetoka Riyadh, ninakofanya kazi za ndani, kumtembelea dada wa madam. Nyumba yake iko karibu na bandari, honi za meli zaingia mpaka jikoni.

Leo nimekutana na Metrine, msichana wa Bungoma, mtumishi wa humu. Humu? Hata si humu! Mkataba wake ni wa mama yao akina madam. Mama akamwazima kwa huyu dada, na dada naye humwazima kwa kaka yao. Nyumba tatu, mikono miwili. Na mkono mmoja umebabuka, alama ya pasi kabisa. Nikamuuliza, mwanangu, umejichoma? Akatazama mlango kwanza. Hakujichoma, akasema. Kisha, polepole: mama, ukirudi Riyadh, nisemee.

Vyombo vilipokwisha dada wa madam akamfungia chumbani. Ufunguo kwa nje – kama stoo!

Alhamisi, 5 Juni. Riyadh

Nimempata Rita juu ya paa, akianika nguo. Yuko nyumba ya pili, ukuta tu unatutenga. Mtoto wa Kakamega, mlokole, maneno mengi, lakini ananiita mama kwa moyo wake wote. Nikamweleza ya Metrine.

"Ati kuazimwa?" akasema. "Mama Zeinab, sufuria ya watu hurudishwa, tena imeoshwa!"

Tukacheka. Kisha hatukucheka. Akanisimulia waliyosoma shuleni, habari za Marekani zamani. Wanawake waliokuwa watumwa, wakatoka, wakawa wanasimama makanisani na kwenye mikutano kueleza waliyofanyiwa. Mmoja hata kusoma hakujua. Walizomewa, walirushiwa mawe, wakaambiwa waongo – mtumwa gani anajua kusema hivi? Nao wakasema tu, na wakawataja kwa majina wale waliowamiliki.

Nikamwambia, lakini sisi si watumwa, mwanangu. Tumekuja wenyewe.

"Kuja, Metrine alikuja mwenyewe, mama. Kuondoka je?"

Nimeswali magharibi nikiwa na swali hilo kifuani.

Ijumaa, 6 Juni

Ya Rabi, nimefanya nini!

Rita ameniingiza kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina dada wa Kenya. Alinifunza vizuri: usitaje jina lako, usitaje nyumba yako, sema ya Metrine tu. Nikasema haya. Nikabonyeza kurekodi sauti, na mdomo ukaanza wenyewe ulivyolelewa – asalaam alaikum wenzangu, hamjambo nyote, ni mimi Zeinab wa Msambweni, niko Riyadh kwa madam wangu Um Fahad, nawasalimu na watoto wenu... Kwetu huingii kwa watu bila kujitaja! Baada ya salamu ndipo nikaeleza ule mkono, ule mlango, na nyumba iko wapi. Nikatuma.

Rita akashika kichwa. "Mama! Si ungewapa na rangi ya geti?"

Haifutiki. Imeshakwenda. Akakunja shuka moja mara mbili. Kisha akasema, lakini hata wale wa Marekani walijitaja.

Jumatatu, 9 Juni

Josphat, dereva wa nyumba yetu, Mkenya wa Kitui, amenivizia nikitoa taka. "Mathe, umetuchomea, umetuanika wote." Alikuwa mtaa wa Manfuha kwa Wakenya wenzake. Sauti yangu inachezwa kila simu, wengine wanalia. Kuna jamaa mmoja wa ajenti, hao wanaotuletea kazi huku, alikuwepo. Aliomba tu atumiwe na yeye.

Jumatano, 11 Juni

Madam amekuwa mpole. Mpole! Kanipa tende kwa mkono wake. Abaya mpya. Zeinab, si ulitaka umra? Yalla, tutakwenda Jeddah, kutoka huko Makka si mbali.

Umra nimeiomba tangu nijue kuomba. Leo nimesikia neno hilo, nikaiweka tende chini bila kuila.

Akasema nilete simu anichajie. Chaja ninayo chumbani kwangu. Nikampa. Ningefanyaje?

Jumamosi, 14 Juni. Jeddah

Metrine hayuko. Nimeuliza, dada wa madam akapangusa viganja: mafi Metrine, halas – hakuna Metrine, basi. Hata Josphat hajui amepelekwa wapi. Mimi ndiye niliyewekwa chumba chake. Godoro lina umbo la mtu.

Wote wawili, dada na madam, wamenikalisha baada ya adhuhuri; ajenti amewaeleza yote niliyosema. Alasiri nitarudishiwa simu, niseme tena kwenye kikundi: mimi Zeinab, nilidanganya, Metrine yu mzima, sote tunatunzwa. Nikisema, kesho Makka. Nisiposema, watasema nimeiba dhahabu, na kwa polisi wa huku nani ataniamini?

Kiswahili hawakijui. Josphat ataketi pale asikilize, awafasirie nilichosema, kabla sijatuma. Basi shingo yangu iko mdomoni mwa Josphat, na yake pia. Nilimuuliza kwenye korido, utawaambia nimesema nini? Akatazama viatu. Mathe, mimi nina watoto. Akaenda.

Nimefungiwa. Lakini dirishani namwona chini, anaosha gari, madam hayuko karibu. Naandika hapa kwanza nisikosee, kisha nauchana ukurasa nimtupie:

Josphat mwanangu, hujambo? Nikisema Metrine yu mzima, hakuna atakayemtafuta tena. Mimi siwezi. Nitasema hayuko, na nitasema alikuwa nyumba hii. Wewe waambie nimeomba msamaha. Kama huwezi, sikulaumu, wallahi, ila nijue mapema nijitayarishe na Mola wangu. Ukikubali, tikisa kichwa tu, nakuona. Nijibu upesi, mwanangu, muadhini wa alasiri anakaribia kuadh–