Aliyeingia stoo ya kahawa

Beatha usinipigie, simu itasikika. Soma tu.

Ni Hosea. Anayetuibia kahawa ni Hosea, shemeji yangu mwenyewe.

Unakumbuka nilimuuliza ninunue kamera gani ya kuweka stoo? Akasema chukua ile rahisi kabisa, inatosha. Kiran wa dukani mjini ndiye aliyenikataza. Akasema stoo isiyo na dirisha inataka hii yenye vitaa vyekundu, inaona hata gizani, na bei hazipishani sana. Nikaichukua. Hosea sikumwambia.

Sasa hivi nimewasha tivii niangalie kama waya wa kamera umekaa vizuri. Nikamwona. Mchana huu, Beatha. Amejifungia stoo, giza totoro, anajitwisha gunia kama yuko kwake.

Halafu akasimama. Ameona vile vitaa. Akanitazama. Najua ameitazama kamera, lakini alinitazama mimi.

Akatoka. Nikadhani amekimbia. Niko peke yangu, Emilian wangu yuko Holili mpaka kesho.

Hajakimbia. Anabisha mlango wa mbele. Anaongea taratibu kabisa, "Shemeji, fungua tuyamalize, nimekuja na sale."

Nimechungulia. Kweli, amekata jani la sale kwenye uzio wetu. Na unajua mtu akija na sale kuomba msamaha hafukuzwi. Nikimfukuza, mama mkwe atanisema mpaka nife.

Lakini Beatha, sale iko mkono wa kushoto. Panga alilolikatia hajaliweka chini.